Kitambaa cha Mjomba

Tarehe 2 Desemba

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Leo ni tarehe mbili, na kabla sijaandika jambo lolote lingine naweka ahadi yangu hapa juu ya karatasi, usije ukasema sikuiweka: nitakuandikia kila kitu. Kizuri na kibaya, cha kuchekesha na cha kuaibisha. Uliniambia pale stendi, basi likiwa tayari linaunguruma, "Simu inapita na upepo. Barua naisoma mara tatu." Basi soma.

Nimefika salama. Mjomba alinipokea akiwa ameshika mwavuli uliofunguliwa, na mvua hakuna. Alisema hakujua nimerefuka kiasi gani, kwa hiyo alitaka kitu cha kuonekana kwa mbali ili mimi ndiye nimtafute. Hata hivyo sikumtambua upesi. Jua limemchoma mpaka masikio, Bibi, na ngozi ya pua inabambuka.

Mji huu umekaa kama watu waliosimama kwenye ngazi kutazama bahari, kila nyumba inachungulia juu ya bega la mwenzake. Barabara iliyonyooka sijaiona. Ukitaka mkate unashuka ngazi, ukishaununua unapanda ukihema, na ukifika nyumbani umeshaumega nusu. Chumba cha Mjomba kiko juu ya karakana ya fundi wa viti. Kina vitanda viwili, jiko la gesi, meza ambayo mguu wake mmoja umefungwa waya, na dirisha. Ukilifungua, bahari nzima inaingia ndani. Amegawa chumba kwa pazia ili nami niwe na kwangu. "Hapo ndipo mahakamani kwako, Hakimu," akasema. Ananiita Hakimu tangu nilipomweleza kwamba umenituma nimkague.

Sasa maswali yako mawili. La kwanza, je, anakula? Anakula, na anaongeza. La pili, je, miguu yake iko chini? Bibi, katika mji huu hata aliyeketi yuko juu, lakini sijamwona akikaribia paa wala ngazi ya fundi. Anasema kazi yake ni kutembeza wageni wanaokuja kuutazama mji. Asubuhi anaondoka na mzigo mgongoni, mkubwa kama godoro lililokunjwa, na jioni anarudi na mchanga kwenye viatu. Ndani ya mzigo mna nini sijui. Nikijua, utajua.

Shule nimeiona. Tulipita mbele ya lango lake tukitoka stendi. Maktaba yake ina madirisha marefu, na katika dirisha moja msichana alikuwa amekaa anasoma, viatu amevivua. Mjomba ndiye aliyesema, "Januari kuna nafasi. Nimeshauliza." Najua umesema kwamba utaniachia nisome hapa ukisharidhika na maisha yake, na kwamba uamuzi ni wako. Sikusukumi. Nakuandikia tu kwamba dirisha lile ni pana, linatosha watu wawili.

Mjukuu wako mtiifu,
Mke mwenzako


Tarehe 9 Desemba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nimekupa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya huo mkate. Mtoto niliyemlea mimi hatafuni njiani.

Humu ndani kimya. Nilizoea kugombana na mtu asubuhi, sasa nagombana na paka, naye hajui kujibu. Usidhani nakukumbuka. Ninachokumbuka ni mtu wa kuchota maji.

Haya, nisikilize. Mtu wa kutembeza wageni hubeba chupa ya maji na maneno mengi. Habebi godoro. Mwanangu namjua: akikwambia nusu ya jambo, ile nusu nyingine ndiyo jambo lenyewe.

Habari za babu yako nilikusimulia mara moja na sipendi kusimulia mara mbili, ila narudia ili usidhani nakutuma umbeya. Alikuwa fundi wa mapaa, fundi hasa. Siku ile alikuwa juu ya ghala, bati zima mikononi, upepo ukaja. Mjomba wako alikuwa naye kule juu, akimpa misumari. Alitaka kunieleza ilivyokuwa, nikamwambia nyamaza, nimeshaona maiti, yatosha. Tulipotoka kuzika nilimwapisha mbele ya watu: miguu yako isitoke ardhini kwa kutafuta riziki. Akaapa. Baadaye mama yako naye akaondoka kwa maradhi. Nimebaki na huyu mmoja, na wewe.

Kwa hiyo neno langu ni lile lile. Nikijua ana kazi ya chini, ya mtu mwenye akili, nitakuachia usome hapo, na nitanyamaza hata nyumba ikinielemea. Nikisikia kuna paa, mlingoti, au ngazi iliyonizidi urefu, nawataka nyumbani wote wawili, na wewe utasoma shule ya hapa karibu, ile isiyo na madirisha ya kukaliwa.

Mzigo una nini?

Bibi yako,
mwalimu mstaafu asiyestaafu


Tarehe 16 Desemba

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Ahsante kwa nane. Nitajitahidi.

Wiki hii nimeutembea mji. Nimefika kwenye mnara wa taa, ambao uko kwenye ncha ya mwamba na umepakwa chokaa nyeupe. Nimeingia nyumba ya makumbusho, nimeona mbavu za nyangumi zimening'inizwa darini kwa waya. Mlinzi alitukataza kugusa, kisha akageuka kutazama ukuta kwa muda mrefu ili tuguse. Jumapili Mjomba alinifundisha kupiga kasia kwenye mtumbwi wa plastiki. Yeye alikwenda mbele, mimi nikazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. "Unakwenda wapi, Hakimu?" akaniuliza. Nikamwambia, "Nasubiri bahari ije." Watu waliokuwa wanaogelea walicheka.

Pia kuna njia ya miguu inayopita ukingoni mwa majabali, ina uzio wa kamba upande mmoja. Wageni huipenda. Wanapiga picha ya kila kitu, hata ya vibao vinavyowakataza kupita.

Uliuliza mzigo una nini. Nimeuona. Ni kitambaa. Kitambaa kingi, chepesi sana, chekundu na cheupe, chenye mishono ya karibu karibu na kamba nyembamba nyingi. Jioni Mjomba hukitandaza sakafuni mpaka kinapanda ukutani, halafu anakipitia mshono baada ya mshono kwa ncha za vidole. Akikuta penye kuchakaa anabandika kiraka na kushona kwa mkono. Hataki hata nimsemeshe. Ungemwona, ungempa kumi. Anasema mshono mmoja mbaya unatosha kumharibia mtu siku.

Kuhusu mzigo hayo ndiyo niliyoyaona.

Mnara wa taa sijui kama nimekueleza. Ni mweupe.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Desemba

Mke mwenzangu mpendwa!

Marahaba. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Kwa nini unanizungusha kwenye mifupa ya nyangumi wakati una habari kama hii? Mwanangu ni fundi wa mahema! Nilipofika kwenye kamba na mishono nikaelewa mara moja, maana mimi si mtu wa jana: wageni wanaolala nje milimani watalala katika nini kama si mahema? Na mahema yakichanika atayashona nani? Kazi ya kukaa kitako kabisa. Mtu hawezi kuanguka kutoka kwenye sindano.

Nimemwambia jirani wa mbele, yule anayenisikitikia miaka yote kwa ajili ya huyu mtoto. Nimemwambia polepole, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, ili imwingie vizuri. Hakulala.

Nimeridhika. Kaa, usome. Shule ya hapa nimekwishawaambia wasikuhesabu.

Mwambie mwanangu nataka gauni. La mikono mirefu, la kuvaa nitakapokuja kukutembelea. Urefu unaishia kwenye kifundo cha mguu. Mabega ni yale yale ya zamani. Kiuno asiniulize, apige picha ya lile pipa la maji nyuma ya nyumba, analijua. Kitambaa chekundu hapana, nisije nikafukuzwa na ng'ombe. Cheupe chake kinafaa.

Umetaja mnara wa taa mara mbili katika barua moja. Nimekupa tisa hata hivyo.

Bibi yako, mama wa fundi


Tarehe 27 Desemba

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Habari za gauni nimezipata na nimefurahi. Cherehani ina hitilafu kidogo, tunasubiri kipuri. Halafu kitambaa nilichonacho ni cha kazi tu, kinapiga kelele mtu akitembea, utaaibika njiani. Usiwe na haraka, Mama, nitakutafutia kinachofaa.

Mtoto amekubaliwa shuleni. Sare nimenunua, imetundikwa nyuma ya mlango, na kila anapopita anaigusa. Hilo ni kweli kabisa.

Mwanao


Tarehe 30 Desemba

Bibi,

Shikamoo. Tafadhali keti kwanza, na paka mtoe mapajani.

Mjomba hana cherehani. Hajawahi kuwa nayo. Kitambaa kile ni parachuti. Si ile ya askari, ya kuangukia; hii ni ya kupaa, na ikijaa upepo inakaa kama kipande kikubwa cha ndizi juu ya kichwa. Juu ya kilima kirefu kuliko vyote kuna mteremko wa nyasi. Mgeni anafungwa mikanda kifuani mwa Mjomba, wanakimbia pamoja kuelekea baharini, kitambaa kinasimama nyuma yao, upepo unawachukua. Wanazunguka juu ya mji, mgeni anatazama alicholipia kukitazama, halafu wanatua ufukweni. Hiyo ndiyo kazi yake. Kazi yangu mimi likizo hii ni kusimama ufukweni na bendera, ili aone kutoka juu upepo wa chini unaelekea wapi.

Nililijua hilo tangu tarehe kumi na mbili. Nilipokuandikia kuhusu kitambaa kila neno lilikuwa la kweli, na yale maneno ya kweli niliyapanga kama mtu anayepanga viti mbele ya mlango ili watu wasiingie. Wewe ukaona mahema, nami nikakuacha uyaone.

Siku niliyojua nilimwambia, "Mjomba, uliapa."

"Niliapa sitapanda paa la mtu," akasema. "Kule juu hakuna paa."

"Bibi hakusema paa. Alisema ardhini."

"Hakimu, kunywa chai yako."

Barua yako ya gauni ilipofika alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafika pale ulipomwambia jirani, akaacha kucheka. Aliikunja barua akaiweka chini ya mto. "Shule umeshaipata," akaniambia. "Tuache hivi hivi mpaka ufungue shule." Nikakubali. Sitaki ufikiri alinilazimisha. Nilitazama sare, nikakubali.

Jana alipaa na mgeni mmoja, daktari wa meno, mtu mnene anayecheka kila kitu. Walikuwa juu sana, pale ambapo ufukwe unaonekana mwembamba kama ukucha uliokatwa na watu hawana vichwa wala miguu, ni vivuli tu. Wingu likatoka baharini. Bendera mkononi mwangu ikalegea, ikageuka, ikaanza kunipiga usoni. Nikawaona wanasukumwa kuelekea nyuma ya rasi, halafu sikuwaona. Mwenye parachuti, tajiri aliyemwajiri Mjomba, alikuwa anaita kwenye redio ya mkononi, anaita, redio inakoroma tu. Sikuishusha bendera. Mkono ulikufa ganzi, nikaushikilia kwa mwingine. Niliogopa kwamba nikiishusha nitakuwa nimekubali jambo.

Na unajua nilichokuwa nafikiri? Nilikuwa nafikiri habari itakavyokufikia. Mtu usiyemjua atabisha hodi, atakwambia mwanao ameanguka kutoka angani. Nawe utamjibu kwa upole, "Umekosea nyumba. Wangu ni fundi wa mahema."

Walirudi kwa miguu, kwa barabara ya juu, jua linaelekea kuzama. Upepo uliwatupa kwenye uwanja wa mpira katikati ya mechi. Mwamuzi alipuliza filimbi, na kipa anadai hadi sasa kwamba bao alilofungwa halihesabiki kwa sababu alifunikwa na kitambaa. Daktari wa meno alikuwa na kiatu kimoja na anacheka kama aliyelewa. Mjomba hakuwa anacheka. Vidole vyake vilitetemeka akashindwa kufungua mikanda yake mwenyewe, nikamfungulia mimi.

Usiku huo alinieleza lile ulilomkataza kukueleza. Naandika kama alivyosema. Babu hakuanguka moja kwa moja. Upepo ulipolishika bati ulimwinua kwanza. Miguu ilitoka kwenye paa, akawa hewani, wima, kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenzake aliye juu yake. Kitambo kidogo tu. Kisha bati likapinduka. Mjomba anasema amekaa miaka yote akiwaza kwamba lile bati lingekuwa na umbo jingine, lingemshusha polepole. Alipoona parachuti kwa mara ya kwanza alikaa kwenye nyasi akalia, na wageni wakadhani ameumwa na nyuki.

Nilimwambia nitakuandikia yote. Akasema, "Andika. Ila ujue wino wa barua hiyo ni sare yako."

Najua. Nimeandika.

Mjukuu wako


Tarehe 6 Januari

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Ya pili sikuweza. Haina alama.

Hilo la kuinuliwa sikulijua. Miaka yote hii namwona babu yako akishuka tu. Sijui kama nimshukuru mwanangu au nimcharaze bakora. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema.

Yeye ni mtu mzima, siwezi kumfunga kamba kama mbuzi. Kiapo alichokivunja nitakizungumza naye uso kwa uso, na aandae masikio. Jirani bado anaulizia gauni. Nimemwambia limekwama kwenye mikono.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia ya mjomba wako mpaka vidole vilivyotetemeka. Yako je? Umeandika kwamba kule juu ufukwe unaonekana mwembamba kama ukucha uliokatwa. Mjomba wako tangu azaliwe hajawahi kutamka sentensi kama hiyo. Akiulizwa bahari ikoje husema "kubwa". Wewe ulikuwa chini umeshika bendera. Nani aliyeuona ukucha huo? Nijibu.

Nimewaza sana. Nilitaka kukurudisha, nikafika mpaka stendi, nikauliza nauli ya kukufuata. Nikarudi. Akili yako inahitaji shule ile, hilo sikatai, na mtoto aliyesema kweli huku akijua bei yake simwadhibu kwa kuisema. Kwa hiyo nakuachia, kwa sharti moja. Niandikie kiapo kwa mkono wako na uweke sahihi: miguu yako haitatoka ardhini maadamu mimi niko hai. Kiapo kikifika, vaa sare. Kisipofika, fungasha urudi, na tusilaumiane.

Nimebaki na wawili. Mmoja ameshanishinda.

Bibi yako


Tarehe 11 Januari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo asubuhi niliandika kile kiapo. Kilikuwa mstari mmoja, mwandiko mzuri, ungeupenda. Niliweka sahihi. Kikakaa mezani mpaka chai yangu ikapoa, kisha nikakichana. Nakuandikia barua hii mahali pake, na mkono si mzuri kama ule wa kwanza.

Ukucha niliuona mimi. Ilikuwa tarehe ishirini na nne, siku ya upepo mtulivu, hakuna mgeni aliyekuja. Mimi ndiye niliyeomba. Mjomba alikataa, nikaomba tena, akakataa kwa sauti ndogo zaidi, nikajua nimeshinda. Katika barua yangu iliyopita nilikuahidi yote nikakupa yake, nikabakiza yangu. Nisamehe kwa hilo. Nimelisoma swali lako nikiwa nimesimama na uso unaniwaka moto.

Alinifunga mikanda akavuta kila kifungo kana kwamba ananikasirikia. Akaniambia, "Kimbia mpaka ardhi ikuache yenyewe. Usiiache wewe." Wageni wengi hukosea hapo. Wakihisi wanavutwa wanakunja miguu, wanadhani wameshapaa, wanaangukia makalio na kumwangusha na yeye. Mimi nilikimbia. Niliendelea kukimbia hata pasipokuwa na kitu chini ya viatu, mpaka akaniambia sikioni, "Hakimu, pumzika basi, tumeshafika hewani."

Niliogopa, Bibi. Niliona mapaa ya mji mzima, mabati yanametameta, mengine mekundu kwa kutu, na juu ya paa moja fundi alikuwa amepiga magoti anagonga msumari. Sauti ya nyundo ilitufikia ikiwa imechelewa. Nikamwaza Babu. Kwa mara ya kwanza nilimwaza akiwa kazini, anafanya anachokijua. Niliogopa na nilipenda, yote mawili kwa wakati mmoja, na sijui jinsi ya kulitoa moja ili nikuandikie lingine peke yake.

Sasa nakueleza kwa nini nimekichana kiapo. Mjomba aliapa akiwa bado na udongo wa kaburi viatuni, mbele ya watu, analia. Wakati kama ule mtu huapa chochote. Hakikumzuia kupaa. Kilimzuia kukuandikia. Miaka mingapi umekula chakula chako hujui mwanao anafanya nini? Nami nikitia sahihi leo, nitaitia kwa sababu nataka lile dirisha la maktaba, na siku moja upepo ukiwa mzuri nitasimama kilimani na kiapo chako moyoni, halafu jioni nitakuandikia habari za mnara wa taa. Najijua. Nimeshafanya hivyo nikiwa sijaapa.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Sitapaa kabla ya kukuandikia kwanza, na sitapaa mpaka jibu lako linifikie. Ukisema hapana kwa sababu ya wingu, au kwa sababu umeota vibaya, au bila sababu, itakuwa hapana, na sitanuna kwa zaidi ya siku moja. Ukikaa kimya, kimya chako nacho ni hapana. Mjomba nimemsomea maneno haya. Akasema na yeye angekubali kukuandikia hivyo kila asubuhi kabla ya kazi, kama usingechoka kusoma. Nadhani hakuwa anatania.

Lakini hakunitia moyo bure. Alipoona vipande vya kiapo kwenye ndoo ya taka alishuka mjini, akarudi na tiketi ya basi la kwenu, akaiweka juu ya meza karibu na kalamu yangu. "Sikufukuzi," akasema. "Ila safari hii tusimdanganye." Basi linaondoka tarehe ishirini na tano. Shule inafunguliwa kesho yake. Sare nimeitoa nyuma ya mlango nikaikunja, ili nisiwe naigusa.

Usinijibu kwa hasira ya siku ya kwanza. Soma mara tatu kama kawaida yako, kisha chukua kalamu nyekundu. Mjukuu wako ana swali moja tu, na anaomba ajibiwe mara barua hii ikifika: Bibi, ahadi hiyo inakutosha?